Mirathi Mwanza: kutoka kikao cha familia hadi faili kufungwa

Wengi wanaokwenda mahakamani kwa ajili ya mirathi wanatafuta karatasi moja tu, barua ya usimamizi, inayomteua mtu kusimamia mali ya marehemu. Benki imewaambia waje nayo, au mwajiri wa marehemu, au ofisi ya ardhi. Wakishaipata, pesa zinatoka na mahakamani hawaonekani tena. Miaka inapita, mtoto wa mwisho anakua, anauliza nyumba ya Igoma iliuzwa kwa idhini ya nani. Faili linafufuliwa, na msimamizi hana hata risiti moja ya kuonyesha. Kupata barua ni nusu ya kwanza ya safari, tena nusu iliyo rahisi. Mwongozo huu unakwenda hadi nusu ya pili.

Nitazungumzia zaidi Mahakama ya Mwanzo, kwa sababu ndiko mirathi nyingi za familia za kawaida zinakopita, na kwa sababu Kiswahili ndicho lugha yake, hivyo mtu anaweza kusimama mwenyewe na kueleweka.

Siku za msiba: usichukue kitu, andika

Kabla matanga hayajavunjwa, ndugu wawili au watatu wanaoaminiwa na pande zote wakae na kuorodhesha mali na madeni. Hakuna anayegawiwa kitu siku hiyo. Hata shati. Najua mila zetu zina namna yake ya kugawa nguo za marehemu, na sheria haitakusumbua kwa kofia na koti, lakini pikipiki, mtumbwi na ng'ombe si nguo.

Orodha ya mtu wa huku ziwani haifanani na ya mtumishi wa Dodoma. Andika nyumba na viwanja, pamoja na vile visivyopimwa vya milimani ambavyo ushahidi wake ni karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri na mwenyekiti wa mtaa. Andika mitumbwi kwa namba zake za usajili zilizochorwa ubavuni, injini kwa namba zake za kiwandani, nyavu, taa za dagaa. Andika ng'ombe, na hasa wale waliowekwa kwa watu vijijini, kila mmoja yuko kwa nani na wamezaa wangapi, maana ng'ombe wa kuwekeza husahaulika haraka mwenyewe akishafariki. Andika hisa za kikoba, salio la simu, akaunti za benki, mafao ya NSSF au PSSSF, bima kama ipo. Kisha madeni: mkopo wa benki, deni la duka la nyavu, fedha za wanunuzi wa dagaa waliolipa mzigo kabla ya kuupokea. Kwa tajiri mwenye mitumbwi, kumbuka na mgao wa wavuvi wake ambao haujalipwa. Hao ni wadai kama wadai wengine, na viongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa mwalo husika, wanaweza kusaidia kuthibitisha nani alikuwa akivua na chombo kipi.

Kadi ya benki ya marehemu iwekwe. Kujua namba ya siri hakukupi haki ya kutoa pesa. Kuanzia saa ile alipofariki zile ni fedha za warithi na wadai, na mahakama itaona kwenye taarifa ya benki kila kilichotolewa na tarehe yake. Laini ya simu nayo isitupwe wala isipewe mtoto achezee. Ujumbe wa benki, wa wadai na wa wadaiwa unaingia humo.

Cheti cha kifo

Bila cheti cha kifo hakuna shauri. Hospitalini mnapewa kibali cha mazishi. Kwa aliyefia nyumbani taarifa inaanzia kwa mtendaji wa kijiji au kata. Kibali hicho si cheti. Cheti kinatolewa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya au kwa maombi ya mtandaoni, na kifo kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30. Ukichelewa bado unasajili, ila maswali na viambatisho vinaongezeka.

Angalia majina kabla ya kutoka dirishani. Mtu wa huku anaweza kuwa na jina la Kisukuma nyumbani, jina la ubatizo kanisani, jina la babu kwenye kitambulisho cha NIDA na jina la utani kwenye hati ya kiwanja. Kama majina yanatofautiana, tayarisha mapema hati ya kiapo kwa wakili inayoeleza kwamba yote ni ya mtu mmoja. Ni kazi ya siku moja ikifanywa mwanzo. Ikigundulika benki, baada ya barua kutoka, inaweza kukurudisha mahakamani kuomba marekebisho.

Kuna jambo la ziwani ambalo familia za visiwani zinalijua kwa uchungu: aliyezama na mwili haukupatikana. Kama wapo mashahidi walioshuhudia ajali, taarifa ya polisi na ya serikali ya kijiji ndiyo mwanzo wa kusajili kifo. Kama hakuna aliyeona, mtu alitoka tu hakurudi, Sheria ya Ushahidi inaruhusu achukuliwe kuwa amefariki iwapo kwa miaka 5 hajasikika kwa watu ambao wangepaswa kumsikia kama angekuwa hai. Ndiyo sababu taarifa ya kupotea iripotiwe polisi mapema hata kama mna matumaini. Tarehe ya ripoti ile inakuwa ushahidi wa lini hasa mliacha kumsikia.

Mahakama ipi

Maswali ni mawili: marehemu aliishi wapi, na aliishi kwa sheria ipi.

Mahakama ya Mwanzo inasikiliza mirathi ya mtu aliyekuwa na makazi ya kudumu ndani ya eneo lake. Mahali alipofia hapana uzito. Hospitali ya Bugando inapokea wagonjwa wa Kanda ya Ziwa nzima, na kila mara utakuta familia ya Ukerewe au Sengerema imeanza kuulizia mahakama za Nyamagana kwa sababu mgonjwa wao alifia hapo. Aliyeishi Ukerewe, mirathi yake inafunguliwa Ukerewe, hata kama ana kiwanja Buswelu na akaunti ya benki mjini. Mali za wilaya nyingine zinaorodheshwa humo humo. Shauri ni moja. Kufungua mawili, shemeji upande wa Misungwi na mjane upande wa Ilemela, kila mmoja akijifanya hamjui mwenzake, ni chanzo cha kesi ambazo hula mali yote kabla haijagawanywa.

Swali la pili ndilo linalowachanganya watu. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka pale sheria inayotumika ni ya kimila au ya Kiislamu. Marehemu alikuwa Mwislamu na aliishi Kiislamu, nenda Mahakama ya Mwanzo. Alikuwa mtu wa kijijini aliyeishi kwa mila za kwao, nenda huko huko. Akiwa Mkristo, mahakama huangalia maisha yake na nia yake: ndoa ilikuwa ya namna gani, mambo ya ukoo aliyaendeshaje, je, aliacha maandishi au kauli yoyote kuhusu mali zake. Kubatizwa peke yake hakumtoi mtu kwenye mila, na kuwa Msukuma peke yake hakumwingizi. Kwa Mkristo ambaye maisha yake yalikuwa yameachana na mila, shauri huenda Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu, kwa kufuata Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352. Fomu zake ni tofauti, na huko wakili anasaidia sana. Mirathi ikisikilizwa na mahakama isiyo na mamlaka, kila kilichofanyika kinaweza kufutwa miaka baadaye, pamoja na mauzo ya nyumba. Kwa hiyo swali hili muulize karani wa masjala wazi wazi kabla ya kulipa chochote, na mweleze ukweli wa maisha ya marehemu.

Kikao cha familia

Sheria haisemi kwamba bila kikao cha ukoo mahakama haiwezi kuteua msimamizi. Lakini mahakimu wengi huuliza muhtasari wa kikao, na wana sababu nzuri: karatasi ile inaonyesha kwamba waliopaswa kujua walijua. Basi kifanyeni, na kifanyeni vizuri.

Waiteni wote wenye maslahi. Mjane au wajane, watoto wa ndani na wa nje ya ndoa, wazazi wa marehemu kama wako hai, baba wakubwa na wadogo, mashangazi. Mtoto wa nje anayefichwa kwenye kikao hujitokeza siku ya tangazo akiwa na hasira, na anakuwa amepata hoja asiyokuwa nayo. Kama nusu ya familia wako kwenye makambi ya dagaa, pangeni kikao wakati wa mwezi mpevu. Taa hazifanyi kazi mbele ya mbalamwezi na wavuvi wako nchi kavu. Ushauri huo huo utumie ukipangiwa tarehe mahakamani: mweleze hakimu mapema kwamba mashahidi wako visiwani.

Muhtasari uwe na tarehe, mahali, majina na sahihi za waliohudhuria na uhusiano wa kila mmoja na marehemu, majina ya warithi wote na umri wa watoto, orodha ya mali na madeni, na jina la anayependekezwa kuwa msimamizi. Mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji akigonga muhuri inasaidia. Asiyekubaliana aandikwe kwamba hakubaliani. Muhtasari unaoonyesha wote wameridhia huku mmoja alitoka nje akibamiza mlango utavunjwa na yeye mwenyewe mbele ya hakimu.

Nani awe msimamizi? Hapa nina msimamo. Familia zetu hupenda kumpa kaka mkubwa wa marehemu kwa heshima, au kijana wa kwanza wa kiume kwa sababu ni wa kiume. Kazi yenyewe ni ya kutunza risiti, kupanda daladala kwenda ofisi za watu, kuandika hesabu na kuvumilia maneno. Mpeni anayeiweza. Mara nyingi ni mjane, au binti aliyesoma uhasibu ambaye hakuna aliyemfikiria. Mnaweza pia kupendekeza wawili, mmoja kila upande, kama mnajua kuna nyufa. Mahakama inazingatia matakwa ya marehemu kama aliyasema, lakini haifungwi na jina la kikao. Inaweza kuteua mtu mwingine mwenye sifa njema asiyeelemea upande. Na mkishindwana kabisa, Kabidhi Wasii Mkuu anayeongoza RITA anaweza kubebeshwa mzigo huo.

Kama marehemu aliacha wosia, upelekwe mahakamani ule wa asili, si picha ya simu. Wosia wa kimila ulioandikwa na mtu anayejua kusoma unahitaji mashahidi wasiopungua wawili. Wa mtu asiyejua kusoma, wanne. RITA nayo inatunza wosia za watu, hivyo ulizeni huko kabla ya kusema hakuna.

Kufungua shauri

Utakwenda na cheti cha kifo, muhtasari wa kikao, kitambulisho chako na orodha ya mali na warithi. Karani atakupa Fomu Na. 1, ambayo ndiyo maombi yenyewe. Iandike kwa ukamilifu. Kuacha jina la mrithi au mali kwenye fomu hii ni kutoa taarifa ya uongo mahakamani, na uteuzi uliopatikana kwa njia hiyo unaweza kutenguliwa. Ada hulipwa kwa kontrol namba, benki au kwa simu, na risiti unaiweka. Mtu akikuomba ada mkononi, mwambie unasubiri kontrol namba.

Ukiishi karibu na mjini, ulizia pia huduma za Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki cha Mwanza, kimoja kati ya vituo sita vya aina hiyo vilivyozinduliwa mwaka 2021, ambapo ngazi kadhaa za mahakama ziko chini ya paa moja.

Tangazo na pingamizi

Baada ya kusajiliwa, mahakama inatoa tangazo, Fomu Na. 2, kuwaita wenye maslahi wajitokeze. Hubandikwa kwenye ubao wa mahakama na mahali alipoishi marehemu, na mara nyingi huamriwa litoke gazetini pia. Siku za kusubiri zimeandikwa kwenye tangazo lenyewe. Usijaribu kuzifupisha kwa kubandika tangazo mahali ambapo hakuna anayepita. Peleka nakala kwa mtendaji wa kata, msikitini au kanisani alikosali, na mwaloni kama alikuwa mvuvi. Unataka mdai ajitokeze sasa, si baada ya kugawa.

Ikiwa wewe ndiye unayepinga, fika ndani ya siku hizo na uweke pingamizi kwa maandishi ukieleza sababu: mwombaji si wa familia, ameficha mrithi, ameorodhesha nyumba yako kama ya marehemu, ameshauza mali. "Simpendi" haimo. Hakimu atasikiliza pande zote na kuamua nani ateuliwe.

Siku ya kusikilizwa, kama hakuna pingamizi, mambo ni mafupi. Unaapa, unaulizwa uhusiano wako na marehemu, warithi na mali, na mashahidi wawili watatu wanathibitisha. Mahakama inaweza kutaka wadhamini wa kukuwekea dhamana kwamba hutazila mali. Chagua watu wenye kitu cha kupoteza, na waambie ukweli wa wanachosaini. Kisha unapewa barua, Fomu Na. 4.

Barua imekupa nini

Imekupa kazi. Haijakupa mali. Msimamizi anakusanya mali, analipa madeni na gharama za usimamizi, kisha anagawa kinachobaki kwa warithi. Anaweza kushtaki na kushtakiwa kwa niaba ya mirathi, kwa mfano mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba dhidi ya mtu aliyejenga kwenye kiwanja cha marehemu. Akiharibu au kutumia mali vibaya, analipa kutoka mfukoni mwake.

Omba nakala kadhaa zilizothibitishwa na mahakama kwa sababu kila ofisi itataka yake. Benki itafunga akaunti na mara nyingi fedha zitaelekezwa kwenye akaunti ya mirathi ya mahakama ili zigawiwe kwa amri. Watu hulalamika kwamba inachelewesha. Inachelewesha, ndiyo, lakini imewaokoa yatima wengi kuliko viapo vya wajomba. Mafao ya mifuko ya hifadhi ya jamii yana sheria na fomu zake, na baadhi hulipwa moja kwa moja kwa wategemezi, basi anza kufuatilia mapema.

Mtumbwi unaoendelea kuvua haupaswi kusimama na kuoza kwa sababu mwenyewe amefariki. Msimamizi anaweza kuuacha ufanye kazi, ila afungue daftari: mauzo ya kila safari, mafuta, mgao wa wavuvi, matengenezo, kinachobaki kwa mirathi. Leseni zihuishwe. Daftari hilo likipotea, hakuna mtu atakayeamini kwamba dagaa zilikuwa hazipatikani.

Viwanja vyenye hati: peleka barua ofisi ya ardhi ili usajiliwe kama mwakilishi wa marehemu, na baada ya mgawanyo ndipo hati ihamishwe kwa mrithi. Kabla ya kusaini chochote cha kuhamisha au kuuza, pita TRA uelezwe kodi gani inahusika. Ardhi ya kijiji yenye hatimiliki ya kimila inapitia halmashauri ya kijiji.

Miezi minne

Hapa ndipo wengi hupotea. Kanuni za mirathi za Mahakama za Mwanzo za mwaka 1971 zinamtaka msimamizi, ndani ya miezi 4 tangu kuteuliwa, apeleke Fomu Na. 5 kwa nakala mbili: orodha kamili na ya kweli ya mali na madeni yote. Baada ya hapo, kwa vipindi mahakama itakavyopanga, anapeleka Fomu Na. 6, hesabu ya kilichoingia, kilicholipwa, kilichouzwa na kilichohamishwa. Kwenye mahakama za juu chini ya Sura ya 352, orodha ni ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka 1.

Ukiona muda hautoshi, omba uongezewe kabla haujaisha. Ombi la karatasi moja linatosha: ng'ombe hawajarejeshwa wote, benki haijajibu, mdai mmoja anabishaniwa. Mahakimu huongeza. Wasichokipenda ni ukimya.

Kugawa

Kabla ya kugawa mali ya marehemu, tenga kisicho cha marehemu. Mjane aliyefungua duka kwa mtaji wake mwenyewe, au aliyechangia kujenga nyumba ya Nyegezi kwa miaka 20 ya kuuza samaki Kirumba, ana chake kabla urithi haujaanza kuhesabiwa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtambua mwanamke kuwa na haki ya kumiliki mali yake. Hoja hii isemwe mapema, kwenye kikao na mahakamani, pamoja na ushahidi: risiti, mashahidi, majina kwenye mauziano.

Kinachobaki kinafuata sheria iliyotumika. Kwa Waislamu, mke akiwa na watoto wa marehemu hupata moja ya nane, bila watoto moja ya nne. Mume hupata moja ya nne wakiwepo watoto, nusu wasipokuwepo. Mtoto wa kiume hupata fungu la wawili wa kike. Ofisi ya Kadhi au shehe mwenye elimu ya mirathi atawapigia hesabu, ila mgawo bado unarudi kwenye Fomu Na. 6. Kwa Mkristo asiyeacha wosia, chini ya Sheria ya Urithi ya India ya 1865 ambayo bado inatumika nchini, mwenza hupata theluthi moja na watoto theluthi mbili.

Mila ndiyo yenye mgogoro. Sheria za urithi za kimila zilizotangazwa mwaka 1963 zinampa binti fungu la mwisho na kumwacha mjane mwenye watoto bila fungu, kwa maelezo kwamba watoto watamtunza. Ukoo wowote unaotaka kumfukuza mjane utazitaja. Basi mjane na binti nao wajue cha kujibu. Mwaka 1990, hapa hapa Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory, ambapo mwanamke wa Kihaya alikuwa ameuza shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake na mpwa wake akadai mila hairuhusu mwanamke kuuza. Jaji alisema mila hiyo inabagua, kinyume na Katiba, na mauzo yakabaki halali. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake ilitoa uamuzi katika malalamiko ya wajane wawili wa Kisukuma waliofukuzwa kwenye nyumba na ndugu wa waume zao, na ikaitaka Tanzania irekebishe sheria hizo za kimila. Kanuni za 1963 hazijafa kwa maamuzi hayo. Lakini hakimu anayesikiliza hoja ya ubaguzi ana mahali pa kushika, na ukoo unaojua hivyo mara nyingi hulegea kwenye kikao.

Watoto wasiofikia miaka 18 wana haki katika mali ya mzazi wao, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema hivyo. Fungu lao lisikabidhiwe kwa mlezi mkononi tu. Ombeni mahakama iamuru fedha ziwekwe kwenye akaunti ya mtoto na zitolewe kwa ada ya shule na mahitaji yanayojulikana.

Warithi wazima wanaweza kukubaliana wenyewe kugawa kwa namna nyingine, mfano nyumba ibaki kwa mama mpaka mwisho wa maisha yake na vijana wachukue mitumbwi. Makubaliano yaandikwe, yasainiwe na kila mmoja, yaingie kwenye faili.

Kufunga

Kila mrithi anayepokea asaini mbele ya mashahidi: amepokea nini, lini, kiasi gani. Peleka Fomu Na. 6 ya mwisho pamoja na hati hizo za mapokezi, na uombe mahakama ifunge mirathi. Warithi wataitwa kuulizwa kama wana malalamiko. Wakiwa hawana, hakimu anatamka shauri limefungwa, na kazi yako imekwisha kisheria. Bila tamko hilo wewe bado ni msimamizi, na unaweza kuitwa kutoa hesabu hata baada ya miaka 15.

Msimamizi akikengeuka kabla ya hapo, akiuza kwa siri, asipoleta hesabu, akimnyima mrithi, msisubiri. Andikeni barua mahakama ile ile iliyomteua mkitaja namba ya shauri. Inaweza kumwita ajieleze, kutengua uteuzi na kuweka mwingine. Kwa jinai ya wazi, kama kughushi sahihi ya mrithi, polisi nao wanahusika. Na asiyeridhika na uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo anakata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30, kwa hiyo aombe nakala ya uamuzi siku hiyo hiyo unaposomwa.

Asiye na uwezo wa kulipia ushauri awatafute wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa kwenye wilaya yake. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri inawajua. Wanawake wa Mwanza wana pia shirika la Kivulini. Na mwishoni mwa Januari, katika Wiki ya Sheria, mahakama huweka mabanda na kujibu maswali bure. Nendeni na namba ya shauri na nakala ya Fomu Na. 1, bila hivyo mtajibiwa kwa ujumla tu.